Kuchagua kiwambo cha kwanza cha kutumia kwenye bunduki zaidi ya moja za uwindaji

Majuzi nilimsaidia papa mmoja wa hapa Lubumbashi mwenye bunduki tatu za kaliba (unene wa risasi) tofauti: FN Mauser ya Kibelgiji ya .30-06, nyingine ya 7x64, na ya 9.3x62 aliyorithi. Alitaka kiwambo kimoja cha sauti, yaani kifaa cha kupunguza mlio kinachofungwa mdomoni mwa mtutu, kihame kutoka bunduki hadi bunduki. Watu wengi huanza kwa kuuliza desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti. Mimi huanza na mtutu, na nakushauri ufanye hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Karatasi

Kabla ya kutoa hata franga moja, uliza. Silaha nchini kwetu Kongo zinasimamiwa na amri-sheria namba 85-035 ya 1985, na uwindaji una sheria yake, namba 82-002 ya 1982. Rudi kwa waliokupa kibali cha bunduki, uombe jibu la maandishi kuhusu kiwambo. Afrika Kusini hiki ni kifaa cha kawaida cha mwindaji, lakini hilo halitakusaidia ukisimamishwa mpakani Kasumbalesa. Jibu likiwa hapana, vaa vizibo vya masikio na habari iishie hapo. Upemba na Kundelungu ni hifadhi za taifa. Huko hatuwindi, kwa kiwambo au bila.

Hatua ya 2: Kaliba

Kiwambo huchaguliwa kwa risasi nene kuliko zote zitakazopita ndani yake. Risasi ya 7x64 ina kipenyo cha milimita 7.2, ya .30-06 ina 7.8. Kwa hiyo kiwambo cha .30 kinazitosha zote mbili, na ile nyembamba itasikika kwa nguvu zaidi kidogo tu kuliko ingekuwa na kiwambo chake yenyewe.

Ile ya 9.3 haimo. Ikipigwa ndani ya kiwambo cha .30, itakipasua, na vipande havichagui pa kwenda. Angalia pia 8x57 JS, ambayo wazee wengi huiona kama ndugu wa .30: risasi yake ni milimita 8.2. Papa nilimwambia mtutu wa 9.3 usichongwe hesi (mizunguko ya skrubu ya kufungia kiwambo) kabisa, ili hata jioni mtu akiwa amechoka asiweze kukosea.

Soma pia orodha ya mtengenezaji. .300 Winchester Magnum ni kaliba ya .30 vilevile, lakini baruti yake ni nyingi zaidi, na si kila kiwambo cha .30 kinaistahimili. Urefu wa chini wa mtutu nao huandikwa humo.

Hatua ya 3: Hesi

Hapa ndipo pesa na muda huishia. Kiwambo hufungwa kwa hesi kwenye mdomo wa mtutu, na vipimo vinatofautiana: M14x1 na M15x1 kwenye bunduki nyingi za Ulaya, 5/8x24 kwenye nyingi za Kimarekani za .30. Mauser za zamani hazina hesi kabisa. Kama bunduki moja tayari inayo, ya pili ichongwe kipimo hicho hicho, mradi mtutu wake una unene wa kutosha kubakiza bega, yaani ukingo ambao kiwambo hukalia. Adapta naikubali pale tu pasipo njia nyingine, kwa sababu kila kiungo kinachoongezwa ni nafasi nyingine ya kupinda.

Mji wetu una wakereza vyuma hodari, waliozoea shafti na pampu za migodini. Nawaheshimu sana, lakini kazi hii usiwape. Mkereza shafti hupima kwa kufuata uso wa nje, na tundu la mtutu mara nyingi halikai katikati kabisa ya uso huo. Hesi ikifuata nje, kiwambo kinakaa upande, na risasi inagusa kuta za ndani. Hesi lazima ifuate tundu, na bega lake liwe mraba kamili. Mpe fundi wa bunduki mwenye leseni. Ukimkosa, ni heri ununue bunduki iliyotoka kiwandani na hesi yake.

Halafu hakiki mwenyewe. Toa risasi zote, chomoa komeo, kagua chemba kwa jicho na kwa kidole. Futa hesi na bega: chembe moja ya mchanga inatosha kukipindisha kiwambo. Kifunge mpaka kikae begani, bila washa ya mpira wala utepe wa mabomba. Ingiza fimbo ya kupimia unyoofu ya kaliba hiyo. Ufito wa kusafishia haufai, hupinda. Tazama ncha ya fimbo kwenye tundu la mbele: ukanda wa giza unaoizunguka uwe na upana uleule pande zote. Izungushe nusu duara, utazame tena. Ikisogelea upande mmoja, usipige hata risasi moja. Rudia kwa kila bunduki. Moja kuwa nyoofu si ushahidi wa nyingine.

Hatua ya 4: Uzito na sauti

Chukua cha titani, metali nyepesi, kama mfuko unaruhusu. Mlio wa bunduki hizi hupita desibeli 160, na kiwambo kizuri hupunguza kama 20 hadi 30. Mpasuko wa risasi inayoupita mwendo wa sauti hubaki palepale. Kwenye uwanja wa shabaha, vizibo vya masikio vibaki masikioni.

Hatua ya 5: Kulenga upya

Uzito mdomoni hubadilisha mtetemo wa mtutu, hivyo risasi hutua mahali pengine. Piga tatu tatu kwa mita 100, na kiwambo na bila, uandike tofauti kwenye utepe juu ya kitako cha bunduki husika. Darubini ya robo MOA (kipimo kidogo cha pembe) husogeza kama milimita 7 kwa kila mbofyo. Vipimo vya .30-06 usivihamishie 7x64.

Hatua ya 6: Utunzaji

Ukirudi nyumbani, kifungue. Masizi ya baruti hushika unyevu, na wakati wa masika mdomo wa mtutu unaweza kupata kutu usiku mmoja. Kiache kikauke wazi, paka mafuta kidogo kwenye hesi, rudisha kifuniko chake. Kabla ya kukifunga tena, chungulia mtutu.