Jinsi ya kuchaji betri za drili na grainda kwa usalama

Betri za drili, grainda na misumeno isiyo na waya siku hizi karibu zote ni za lithiamu. Ndani ya ile ya volti 18 kuna seli 5 zimeungwa mfululizo (ile nene inakua na safu mbili au tatu), kila seli ni volti 3.6 na ikijaa inafika 4.2, ukizidisha hapo unacheza na moto kweli kweli.

Hatua ya 1: ikague kwanza. Ishike, izungushe, angalia kama kasha limepasuka au limevimba, nusa kama kuna harufu tamutamu ya kemikali. Vile vyuma vya mdomoni vifute kwa kitambaa kikavu, hasa kama umetoka kukata chuma, maana ule unga wa grainda unapiga shoti. Imevimba au imeingia maji? Usiichomeke hata kwa kujaribu.

Hatua ya 2: iache ipoe. Hapa ndo watu wanaua betri. Umetoka kukata chuma, betri ukiigusa ni ya moto, kazi inakusubiri, unaitia kwenye chaja hapo hapo. Usifanye hivyo jamani. Nyingi zinatakiwa kuchajiwa kati ya nyuzi 5 na 40 hivi, soma kibandiko chake. Ukiona betri ina pini zaidi ya mbili, mojawapo kwa kawaida ni ya sensa ya joto, chaja inaisoma na ikiona joto limezidi inagoma mpaka ishuke, we subiri tu. Na usiitie kwenye friji, inaingia unyevu. Baridi kali nayo mbaya: chini ya sifuri lithiamu inagandia juu ya upande wa hasi badala ya kuingia ndani, na huo uharibifu haurudi nyuma.

Hatua ya 3: tumia chaja yake. Volti kufanana haitoshi, chaja ya betri za zamani za nikeli inakata chaji kwa namna nyingine kabisa, haijui kusimama lithiamu ikijaa.

Hatua ya 4: chagua mahali. Sakafu ya zege au vigae, mbali na maranda, thina na petroli, matundu ya chaja yapumue. Isiwe kitandani, na isiwe karibu na mlango unaotokea, maana ikilipuka utapita wapi? Chaji ukiwa upo na uko macho, ikijaa itoe.

Hatua ya 5: chaja ikiikataa, kubali. Kuna ujanja wa kuishtua betri iliyokufa kwa waya kutoka betri nzima. Mi siufanyi na nakuomba usiufanye. Seli ikishuka sana volti, shaba ya ndani inaanza kuyeyuka, ukija kuichaji hiyo shaba inajenga shoti ndani kwa ndani, unaweza ukaona imepona leo ikawaka wiki ijayo.

Ya kuweka muda mrefu iache na chaji kama nusu, sehemu kavu isiyo na joto.

Ikianza kutoa moshi, kata umeme kama swichi iko mbali nayo, toa watu nje, usivute ule moshi, ita zimamoto. Hata ikizimika usiirudishe ndani, inaweza kuwaka tena baada ya masaa. Betri mbovu ambayo haijawaka, ziba mdomo wake kwa selotepu ya umeme uipeleke wanakokusanya betri, usiitupe na taka za kawaida.