Somo: Kusoma mwelekeo wa mvua za Msimu kwa shamba la juu na shamba la bondeni (Mtwara na Lindi)

Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inapotoa mwelekeo wa mvua za Msimu, yaani Novemba hadi Aprili, wengi hushika neno moja tu: "chini ya wastani" au "juu ya wastani". Neno hilo ndilo lenye faida ndogo kuliko yote kwa mkulima. Kinachoua mahindi Newala au Nachingwea mara nyingi si uchache wa mvua ya msimu mzima, ni siku ilizonyesha na siku ilizokosekana. Somo hili ni la kugeuza tangazo la mkoa liwe mpango wa shamba lako.

Hatua ya 1: Hakikisha unasoma tangazo lako. Mtwara na Lindi zipo kwenye kundi la mvua za Msimu, pamoja na Ruvuma, Njombe, Mbeya na mikoa mingine. Tangazo la Vuli la pwani ya kaskazini na nyanda za kaskazini mashariki halikuhusu, hata kama redio imelirudia wiki nzima.

Hatua ya 2: Andika mambo manne kwenye daftari. Wiki ya kuanza, wiki ya kuisha, kiasi, na mtawanyiko, yaani mvua zitakavyogawanyika ndani ya msimu. Likitajwa neno "vipindi virefu vya ukavu", lipigie mstari mara mbili. Kuhusu kiasi, "wastani" ni asilimia 75 hadi 125 ya wastani wa miaka mingi. Mahali penye wastani wa milimita 900 kwa msimu, milimita 700 bado ni wastani. Kwa hiyo "wastani hadi chini ya wastani" si tangazo la njaa.

Hatua ya 3: Rekebisha kwa urefu wa mahali ulipo. Upepo wa kaskazi huleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Ukigonga Uwanda wa Makonde au Rondo hupanda, hupoa na kuangusha mvua na ukungu huko juu. Ukishateremka upande wa Mto Ruvuma huwa umepungua maji, na hewa yake inapata joto. Kila mita 100 za kushuka huongeza zaidi kidogo ya nusu nyuzi ya joto, hivyo anayelima mita 500 chini ya ukingo wa Newala anaweza kuwa na nyuzi 3 zaidi mchana ule ule. Maji ya udongo wake hukauka mapema zaidi. Ila udongo nao una neno lake: mchanga wa juu hunywa haraka na kupoteza haraka, mfinyanzi wa bondeni hushika maji hata wiki baada ya mvua kukatika.

Hatua ya 4: Pima mvua yako mwenyewe. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka na kitako bapa, kipenyo kisipungue sentimita 10. Usitumie ndoo iliyopanuka mdomoni: inakusanya kwa mdomo mpana na kuyaweka maji kwenye kitako chembamba, ukisoma unapata zaidi ya kilichonyesha. Lifunge juu ya mti wa mita 1 ili matone yanayoruka kutoka ardhini yasiingie, mbali na mkorosho au nyumba angalau mara mbili ya urefu wake. Kila siku saa 3 asubuhi chovya rula, andika milimita, mwaga. Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Mvua ya milimita 20 kwenye ekari ni karibu lita 80,000.

Hatua ya 5: Amua siku ya kupanda. Hapa ndipo pa kutulia. Kanuni inayofaa ni hii: jumla ya milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, na utabiri wa siku 10 usioonyesha ukavu mrefu. Kisha chimba. Unyevu ukiishia sentimita 10, subiri. Ukifika 20 na kuendelea, panda.

Halafu hesabu mbele. Huku kwetu mvua hukatika wiki moja hadi mbili, mara nyingi mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Mahindi ya siku 110 hutoa mbelewele kwenye siku ya 55 hadi 60. Yaliyopandwa tarehe 5 Desemba yatachanua karibu tarehe 30 Januari, katikati ya ukavu kabisa, na wiki moja ya kiu wakati huo hupunguza punje kuliko wiki tatu za kiu yakiwa machanga. Aliyepanda tarehe 20 Novemba anachanua katikati ya Januari. Wa tarehe 20 Desemba, katikati ya Februari. Kwa sababu hiyo gawa shamba: nusu kwenye mvua ya kwanza ya kweli, nusu siku 14 hadi 20 baadaye. Mbegu ya ekari moja ni kilo 8 hadi 10, usiimalize siku moja. Mtama huvumilia zaidi, na ufuta unaopandwa Januari na Februari una hesabu nyingine: unatakiwa ukomae mvua zikiwa zimekwisha, kwa hiyo wiki ya kuisha ndiyo yako.

Hatua ya 6: Fuata taarifa za siku 10 na za mwezi. Mwelekeo wa msimu hutolewa mapema, na TMA huurekebisha.

MASWALI

*Mkulima wa Nanyamba:* Shikamoo mwalimu. Ikinyesha milimita 30 jioni moja mwanzoni mwa Novemba, nipande?

Marahaba. Mahindi bado. Mvua ya jioni moja mara nyingi ni wingu la mahali pamoja tu, na kwenye mchanga wa kwako jua la siku tano linaimaliza. Mbegu itaota kisha ife, utanunua nyingine. Tumia unyevu huo kumalizia kulima na kuchimba mashimo. Ikirudi ndani ya wiki na utabiri wa siku 10 ni mzuri, anza nusu ya kwanza.

*Mama wa bondeni, Tandahimba:* Mto Ruvuma ulijaa ukaingia kwenye mpunga na kwetu haikunyesha. TMA walikosea?

Hapana mama. Ruvuma huanzia milima ya Matogoro, Songea, na hupokea Muhuwesi kutoka Tunduru na Lugenda kutoka Msumbiji. Maji yako hunyesha mbali. Anayelima kando ya mto asome mwelekeo wa mkoa wa Ruvuma pamoja na wa Mtwara, na afuatilie habari za mvua za kaskazini mwa Msumbiji. Kitalu cha mpunga kiweke kwenye kingo ya juu, uhamishe miche baadaye.

*Kijana wa Ruangwa:* El Niño ikitangazwa, tujiandae na mafuriko?

Usikimbilie huko, mdogo wangu. El Niño huongeza mvua hasa za Vuli kaskazini mwa nchi, wakati kusini mwa Afrika mara nyingi hukausha. Sisi tuko katikati, ishara yake kwetu ni dhaifu. Soma sentensi inayotaja Lindi kwa jina. Hatari nyingine ni vimbunga vya bahari: Kenneth kilipiga kaskazini mwa Msumbiji Aprili 2019, Hidaya kikaja pwani yetu Mei 2024. Hivyo havimo kwenye mwelekeo wa msimu. Vinakuja na angalizo au tahadhari siku chache kabla. Kimbunga kinaweza pia kupita Mlango wa Msumbiji, kikavuta unyevu upande wake na kutuachia siku za jua kali.

*Mkulima wa Masasi:* Tangazo likisema mvua zitawahi, korosho zilizo chini ya mikorosho zifanyweje?

Okota kila siku, usingoje ziwe nyingi, maana korosho iliyolala kwenye udongo mbichi hubadilika rangi na kuota ukungu. Tenganisha na bibo (tunda lake) siku hiyo hiyo. Anika juu ya jamvi au sakafu ya saruji siku 2 hadi 3 za jua, geuza mchana, ingiza ndani kabla ya umande. Ikikauka vizuri, ukiitikisa inagonga ndani ya ganda, na ukucha hauachi alama. Funga kwenye gunia la katani, kamwe si mfuko wa plastiki, na upange juu ya mbao, mbali na ukuta.