Jinsi ya kuchimba historia ya kijiji kidogo cha Uingereza (mfano wetu ni Eyam)

Wengi wakitaka historia ya kijiji cha Uingereza wanakimbilia wafalme na vita, mi naona hapo ndo wanapotea. Anza na stori wanazosimuliana wenyeji, manake stori hata ikitiwa chumvi kiasi gani lazima iwe na jina la mtu, mahali na mwaka, na hivyo vitatu ndo unaenda navyo kwenye makaratasi.

Tuchukue Eyam, kule milimani mkoa wa Derbyshire. Inasimuliwa kwamba 1665 kitambaa kilitoka London kikafika kwa fundi nguo, George Viccars, kikiwa na unyevu, akakianika karibu na moto na viroboto wenye tauni wakatoka humo, akazikwa tarehe 7 Septemba, baadae majirani nao wakaanza kufa mmoja mmoja. Mwaka uliofuata kasisi William Mompesson pamoja na Thomas Stanley, aliyemtangulia kwenye kazi ile, wakawashawishi watu wasitoke kijijini, wasije wakasambaza ugonjwa. Ibada zikahamia nje bondeni Cucklet Delf, chakula kikawa kinaachwa mpakani na hela zinalipwa kwenye vitundu vya jiwe vilivyotiwa siki ya kusafishia ugonjwa. Mpaka yanaisha wamekufa watu 260 hivi.

Sasa chukua kila dai peke yake ujiulize, karatasi gani ingelijua hili? Kwa vifo ni rejista ya kanisa. Makanisa yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi tangu 1538, na kuanzia 1598 nakala ilitakiwa ipelekwe kwa askofu kila mwaka, kwa hiyo ukiambiwa rejista imeliwa na panya we ulizia nakala ya askofu.

Ila kuna mtego hapa unawanasa wengi sana. Kabla ya 1752 mwaka mpya Uingereza ulianza tarehe 25 Machi, sio Januari. Ukikuta mtu kazikwa "Februari 1665" utadhani alimtangulia Viccars, kumbe kwa hesabu yetu ni Februari 1666, kafa miezi kibao baada yake. Andika miaka yote miwili, 1665/6, utajiokoa.

Idadi nayo usiimeze tu. Stori ya zamani inasema kijiji kilikuwa na watu 350 wakabaki 83, inasisimua kweli, lakini ukienda kwenye orodha za kodi ya majiko, ile iliyoanza 1662 nyumba ikilipia kila sehemu ya kuwashia moto, unaona watu walikuwa wengi zaidi, kama 700 hivi. Msiba ni uleule, ila hesabu imebadilika kabisa.

Halafu kuna stori ambazo karatasi inathibitisha nusu tu. Emmott Sydall, binti anayesemwa alikuwa akionana na mchumba wake Rowland kwa mbali, kila mtu upande wake wa bonde, yumo kwenye waliokufa Aprili 1666. Mapenzi yenyewe rejista haiyajui, haikuwa kazi yake. Usiyafute, we andika tu "inasimuliwa kwamba" na uendelee.

Kwa miaka ya karibuni kazi ni nyepesi. Sensa ipo kila miaka 10 tangu 1801, ila majina ya watu wote yanaanza 1841. Usihangaike kutafuta ya 1931, iliungua moto 1942, na 1941 haikufanyika sababu ya vita. Ramani za zamani ziko bure mtandaoni kwenye tovuti ya maktaba ya taifa ya Scotland, na za Uingereza zimo, zikuze utafute majina ya mashamba na visima.

Nyaraka za Derbyshire zinatunzwa mji wa Matlock. Ulizia kabla hujaenda na beba penseli, kalamu ya wino hawakuruhusu.

Mwisho tembea kwa miguu. Pale makaburi ya Riley, nje kidogo ya kijiji, Elizabeth Hancock alizika mume na watoto 6 ndani ya siku 8 Agosti 1666, na ukisimama pale unaelewa nyumba zilivyokuwa zimeachana mbali, kitu ambacho rejista haikwambii. Ukiweza panga uende Jumapili ya mwisho ya Agosti, ndo siku ya ibada ya kumbukumbu, wenyeji wanakuwepo, na kila atakayekupa stori muulize aliisikia kwa nani.