Kabla Hujavuta Kiti: Mambo ya Kuweka Sawa Ili Akili Itulie Kwenye Masomo

Wengi wanaolalamika kwamba hawana umakini huanza kuutafuta wakiwa wameshaketi, kitabu kiko wazi na mawazo yameshaondoka. Hapo umechelewa. Sehemu kubwa ya kinachoamua kama saa mbili zijazo zitakuwa za kusoma au za kutazama ukuta huwa imeshapita kabla hujavuta kiti, kwa hiyo yashughulikie haya mapema.

Kwanza, lala. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kati ya saa 8 na 10. Hakuna mbinu nitakayoitaja hapa chini itakayofidia usiku uliokesha. Kahawa haiondoi uchovu. Kafeini huziba tu njia ambazo ubongo hupokelea ishara za uchovu, na kwa kuwa kwa watu wengi nusu yake huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa 5, kikombe ulichokunywa saa 11 jioni kitakuwa kinakusumbua kitandani saa 4 usiku.

Kunywa maji, nenda haja, washa taa ya kutosha, weka mezani kalamu, daftari na kikokotoo. Ukiyaacha haya, kila moja litakupa sababu halali ya kuinuka. Muziki wenye maneno uzime, hasa ukiwa unasoma maandishi, kwa maana maneno mawili hayasikilizwi kwa wakati mmoja.

Simu iwe chumba kingine. Sisemi iondolewe sauti, wala ilazwe kifudifudi pembeni mwa daftari, kwa sababu simu iliyo karibu inakulazimu kujizuia kila mara, na kujizuia huko kunatumia akili ileile unayoihitaji kwa kusoma. Ukisema unaihitaji kwa kuangalia saa, tafuta saa. Ukisema kamusi imo humo, orodhesha maneno magumu kwenye karatasi uyatafute yote mwishoni. Na usifungue ujumbe mzito dakika chache kabla ya kuketi: mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapoacha jambo moja kabla halijaisha na kuhamia lingine, sehemu ya mawazo yake hubakia kwenye lile la kwanza. Ugomvi ulioachwa katikati utasoma nao hadi usiku. Kama tayari kuna jambo linakukera, liandike kwenye kipande cha karatasi pamoja na saa utakayolishughulikia, kisha uanze.

Sasa nifike kwenye lile lililonigharimu, kwa sababu hayo yote niliyafuata na bado nilianguka. Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa baiolojia, na kwa mwezi mzima niliketi kwa muda wa saa tatu kila jioni bila kuinuka, simu ikiwa imefungiwa kabatini. Sura ya figo niliisoma mara nne. Mara ya kwanza niliipaka rangi ya njano, mara ya pili ya kijani, na kufikia mara ya nne ukurasa ule ulikuwa umekolea rangi kiasi kwamba hapakuwa na sentensi iliyosalia nyeupe. Siku ya mtihani nikaulizwa nieleze, hatua kwa hatua, jinsi figo zinavyorudisha maji kwenye damu. Nilikumbuka kwamba jibu lilikuwa ukurasa wa kushoto, chini ya mchoro, na kwamba mstari wa pili niliupaka kijani ukavuja hadi upande wa pili wa karatasi. Kilichoandikwa kwenye mstari huo hakikuja. Mwenzangu wa mbele alikuwa ameshanyoosha mkono kuomba karatasi za ziada, nami nilikuwa bado nalisoma swali. Somo hilo nililirudia mwaka uliofuata.

Kilichonikera zaidi ni kwamba nilipofika nyumbani na kufungua ukurasa ule, kila sentensi niliijua. Nilichokuwa nimejenga ni mazoea ya kuuona ukurasa, nikayachukulia kuwa ujuzi. Mwaka 2006 watafiti Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima jambo hili kwa wanafunzi: wengine walisoma kifungu tena na tena, wengine wakakisoma kipindi kimoja tu, kisha vipindi vilivyobaki wakajaribu kukikumbuka bila kukitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri. Baada ya wiki moja, waliojipima walikuwa wamewaacha mbali. Na mtihani hauji baada ya dakika 5.

Hili ni suala la umakini pia, ingawa mimi nilichelewa kuliona hivyo. Anayesoma bila swali hajaipa akili kazi yoyote, na jicho linaweza kufika chini ya ukurasa bila mwenyewe kuwepo. Kwa hiyo kabla ya kuketi, andika swali juu ya karatasi tupu. Usiandike “leo sura ya 4”, andika “maji yanatokaje kwenye mirija ya figo hadi kwenye damu?” Soma ukilitafuta jibu, kisha funga kitabu na uandike unachokumbuka, hata kama ni mistari miwili yenye mapengo. Ukirudi kitabuni kuyaziba mapengo hayo utashangaa jinsi ulivyo makini. Mtu anayetafuta ufunguo uliopotea hahitaji kuambiwa atazame vizuri.

Muda wa kufanya hivyo uamue mapema. Francesco Cirillo, aliyebuni utaratibu wa dakika 25 za kazi na 5 za mapumziko mwishoni mwa miaka ya 1980, alitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Dakika 25 si amri. Ukiwa umezama kwenye hesabu ndefu, endelea. Ila mapumziko yasikupeleke kwenye ile simu, maana dakika 5 zake hazina mwisho.

Jihadhari pia na kusomea kitandani. Jihadhari na vidonge vya kuongeza umakini ambavyo wanafunzi hupeana, kwani baadhi ni dawa za kuandikiwa na daktari na zinaweza kuusumbua moyo na usingizi. Kama tangu utotoni hujaweza kutulia, si kwenye vitabu tu bali hata kwenye kazi na mazungumzo, muone daktari badala ya kujilaumu. Usibadilishe utaratibu wako wote wiki ya mtihani. Na ukiona umetumia jioni nzima kuchora ratiba na kuipamba kwa kalamu za rangi, ziweke hizo kalamu kabatini pamoja na simu.