Kulipia miaka ya pensheni ya Uingereza ukiwa Mwanza

Mtu aliyefanya kazi Uingereza miaka 7 kisha akarudi kuuza dagaa Mwaloni, Kirumba, akifika umri wa kustaafu hapati hata senti ya pensheni ya serikali ya kule. Sheria yao inataka angalau miaka 10 ya Bima ya Taifa (National Insurance, michango inayokatwa kwenye mshahara kule) ndipo ulipwe chochote, na kwa kawaida miaka 35 ndipo ulipwe pensheni nzima. Saba peke yake ni sawa na sifuri. Habari njema ni kwamba mitatu inayopungua inaweza kulipiwa kwa hiari ukiwa hapa hapa Mwanza.

Usitegemee miaka ya NSSF au PSSSF ijazie pengo hilo. Tanzania na Uingereza hazina mkataba wa hifadhi ya jamii, kwa hiyo michango ya huku haihesabiki kule. Wala haikuzuii: unaweza kuchangia NSSF na wakati huo huo kulipia miaka ya Uingereza.

Hesabu kwanza

Pensheni nzima kwa mwaka wa kodi 2026/27 ni pauni 241.30 kwa wiki. Mwaka mmoja wa michango ni sehemu moja ya 35, yaani pauni 6.89 kwa wiki, au kama pauni 358 kila mwaka hadi mwisho wa maisha yako. Michango ya hiari ina madaraja mawili, kwa Kiingereza Class 2 na Class 3. Daraja la 3 ni pauni 18.40 kwa wiki kwa 2026/27, kama 957 kwa mwaka mzima. Daraja la 2 kwa miaka iliyopita ni kati ya pauni 180 na 190 hivi kwa mwaka. Ni bei mbili zinazopishana mara tano kwa kitu kile kile, ndiyo maana fomu ya maombi inapaswa kujazwa kwa akili.

Chukua mlezi wa wazee aliyefanya kazi kwenye nyumba ya binafsi Leicester, akakamilisha miaka 7, akarudi Mwanza Juni 2019 na tangu 2020 anaendesha biashara yake. Akilipia miaka mitatu kwa Daraja la 2, anatoa chini ya pauni 600. Miaka 10 inampa pauni 68.94 kwa wiki kwa viwango vya sasa, karibu 3,585 kwa mwaka, mahali ambapo alikuwa hapati kitu. Hata kwa Daraja la 3, ambalo lingemgharimu kama pauni 2,800, fedha hiyo ingerudi ndani ya mwaka wa kwanza wa pensheni.

Kuna ubaya mmoja, ujue mapema. Pensheni ya anayeishi Tanzania inaganda. Viwango hupanda kila Aprili hadi siku unapoanza kulipwa. Baada ya hapo, ukiwa huku, unabaki na kiasi kile kile ulichoanza nacho hata ukiishi miaka 30 zaidi.

Mabadiliko ya Aprili 2026

Tangu 6 Aprili 2026 mlango wa Daraja la 2 umefungwa kwa miaka mipya unayoishi nje ya Uingereza. Kwa mwaka 2026/27 na kuendelea limebaki Daraja la 3 tu, na sharti lake ni kuwa umeishi Uingereza miaka 10 mfululizo au una miaka 10 ya michango. Sharti la zamani lilikuwa miaka 3, na bado ndilo linalotumika kwa miaka ya kodi hadi 2025/26.

Miaka hiyo ya nyuma nayo haikungoji. Kila mwaka wa kodi, unaoanza 6 Aprili na kuisha 5 Aprili, unaweza kulipiwa ndani ya miaka sita baada ya kuisha kwake. Mwaka 2020/21 unafungwa 5 Aprili 2027, wa 2021/22 unafungwa 5 Aprili 2028, na kuendelea hivyo. Ule mwanya maalumu uliowaruhusu watu kurudi hadi 2006 ulifungwa 5 Aprili 2025. Akikwambia mtu bado upo, muulize amesoma wapi.

Hatua ya 1: namba na kumbukumbu

Tafuta namba yako ya Bima ya Taifa: herufi mbili, tarakimu sita, herufi moja, mfano QQ123456C. Ipo kwenye karatasi zako za mshahara, kwenye P60 ya kila mwisho wa mwaka wa kodi na kwenye P45 uliyopewa ulipoacha kazi. Angalia jina lililoandikwa humo. Wengi huku tuna majina matatu, na mwajiri wa Uingereza mara nyingi alichukua mawili, tena kwa mpangilio wake. Jina la kwenye P60 likitofautiana na la pasipoti, utatumia lile la P60 na kueleza la pasipoti pembeni, la sivyo barua yako itazunguka.

Hatua ya 2: uliza ni miaka gani, usilipe kwanza

Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayopoteza fedha. Kumbukumbu za michango ziko HMRC, mamlaka ya kodi ya kule, simu +44 191 203 7010. Makadirio ya pensheni hutolewa na Kituo cha Pensheni za Baadaye, +44 191 218 3600. HMRC wanafungua saa 2 asubuhi kwa saa zao, ambayo ni saa 5 asubuhi kwetu wakati wa baridi yao, na saa 4 kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba. Piga dakika ile ile wanapofungua, ukiwa na kifurushi cha simu za kimataifa, maana foleni inakula salio. Mwenye akaunti ya serikali ya Uingereza mtandaoni ataona yote kwenye skrini. Asiye na kitambulisho cha kule cha kujithibitisha anaweza kutuma fomu BR19 kwa posta apate makadirio.

HMRC waulize: miaka gani imekamilika, ipi ina pengo, na kila pengo linahitaji kiasi gani. Mwaka uliokatika katikati, kwa mfano ulipokuwa mwanafunzi unayefanya saa chache au mwaka uliofika au kuondoka, huenda unahitaji wiki chache tu na ukawa rahisi kuliko mwaka mtupu. Kituo cha Pensheni kiulize jambo moja: nikilipia mwaka fulani, pensheni inaongezeka au haiongezeki? Waliokuwa kwenye mifuko ya pensheni ya kazini kabla ya Aprili 2016, manesi wa NHS (huduma ya afya ya serikali ya kule) wakiwemo, hesabu yao inaweza kuwa na makato ya zamani, kwa hiyo waulize kabla ya kulipa.

Hatua ya 3: fomu CF83

Hii ndiyo fomu ya kuomba kulipia miaka ukiwa nje ya Uingereza. Ni ya bure, ipo kwenye tovuti ya serikali ya kule, na inajazwa kwa Kiingereza. Vishoka wanaodai asilimia ya pensheni yako "kuipitisha" wanauza kitu kisichouzwa. Ukiichapisha steshenari, futa faili kwenye kompyuta yao na kwenye barua pepe uliyoiacha wazi. Fomu ina namba yako, tarehe ya kuzaliwa na historia yako yote.

Sehemu inayoangusha wengi ni ile ya ulikuwa unafanya nini mara tu kabla ya kuondoka Uingereza. Daraja la 2 ni la mtu aliyekuwa akifanya kazi kule hadi anaondoka, kisha akawa ameajiriwa au amejiajiri huku kwa miaka anayotaka kulipia. Kwa hiyo taja mwajiri wa mwisho kwa jina kamili, anwani, kazi yako, na tarehe ya mwisho kazini iendane na P45. Tarehe ya kuondoka iendane na mhuri wa pasipoti. Ukiacha kazi Machi ukapanda ndege Agosti, usiiache miezi mitano ikiwa tupu: eleza ulikuwa unafanya nini. Aliyekuwa anasoma tu bila kazi hadi anaondoka ajiandae kwa Daraja la 3.

Kwa upande wa huku, usiandike "biashara" ukaishia hapo. Eleza umejiajiri, unauza nini, wapi, tangu mwezi gani. Leseni ya biashara ya halmashauri na usajili wa TIN viwe karibu, wakihoji. Mwaka ambao ulikuwa nyumbani bila kazi useme wazi. Huo unaingia Daraja la 3, na kuuficha kunaweza kuharibu mingine. Orodhesha pia vipindi vyote ulivyoishi Uingereza, kwa sababu ndivyo vinavyothibitisha ile miaka 3.

Andika ombi la miaka kwa majina yake: "2020/21, 2021/22, 2022/23". Omba wazi wapime Daraja la 2 kwanza. Anwani weka sanduku la posta unalolifungua kweli. La shemeji aliyehama Igoma halifai. Weka sahihi kwa kalamu, kisha piga nakala ya kila ukurasa.

Hatua ya 4: kutuma

Anwani ya HMRC kwa fomu hii ina msimbo BX9 1AN. Huo si mtaa wala jengo; ni msimbo wa barua unaopokelewa na posta ya kule pekee. Kampuni binafsi ya vifurushi haiwezi kufikisha pale, na bahasha inaweza kurudi baada ya wiki na gharama yako imeliwa. Tuma barua ya rejista kupitia Shirika la Posta, utunze risiti yenye namba ya kufuatilia. Unayetoka Nansio au visiwani, tumia safari hiyo hiyo ya kivuko kupita na benki kuuliza kuhusu malipo ya nje.

Majibu huchukua miezi. Kwa hiyo mwaka unaofungwa Aprili usiuanzishie safari Februari.

Hatua ya 5: kulipa

Barua ya kukubaliwa itataja daraja, miaka na kiasi cha kila mwaka. Hakuna namba ya malipo inayotumwa kwenye simu kama tulivyozoea kwa malipo ya serikali huku. Kumbukumbu ya malipo unaijenga mwenyewe: namba ya Bima ya Taifa bila nafasi, herufi IC, jina la ukoo, kisha herufi ya kwanza ya jina lako. Namba ya akaunti ichukue kwenye barua au tovuti yao, kamwe usiichukue kwenye ujumbe wa WhatsApp.

Benki, omba malipo ya SWIFT (mfumo wa benki wa kutuma fedha nje ya nchi) kwa pauni, na upeleke barua ya HMRC kama sababu ya malipo. Kwenye fomu kuna mahali pa kuchagua nani anabeba makato: chagua OUR, yaani makato yote unayabeba wewe. Ukichagua SHA, yaani makato yanagawanywa, benki za njiani zinaweza kukata zao, ukatuma pauni 182 zikafika 167. Mwaka uliopungukiwa hata pauni chache haukamiliki, na usiokamilika hauhesabiki. Dai nakala ya uthibitisho wa SWIFT, si risiti ya kaunta pekee. Fedha iwe imefika kabla ya 5 Aprili. Kutumwa tarehe 3 si kufika.

Baada ya miezi miwili hivi piga tena HMRC uthibitishe kila malipo yameingizwa kwenye mwaka uliokusudia.

Pensheni yenyewe haiji bila kuombwa. Waliozaliwa kati ya 6 Machi 1961 na 5 Aprili 1977 umri wao ni miaka 67. Miezi minne kabla, omba kwa Kituo cha Pensheni cha Kimataifa, +44 191 218 7777, ukiwa na namba ya akaunti ya benki ya hapa au ya Uingereza. Baadaye watakutumia mara kwa mara hati ya uhai, inayohitaji sahihi yako na ya shahidi. Isiporudi, malipo yanasimama.