Kebo Yako Inapohamia Dijitali: Mwongozo kwa Mteja wa Dar es Salaam

Mitambo ya kurushia televisheni kwa analojia ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, lakini kuzimwa huko kulihusu mawimbi ya hewani yanayonaswa kwa antena, si yale yanayopita ndani ya waya wa kampuni ya kebo. Kampuni ya kebo huhama kwa sababu zake yenyewe, na kubwa miongoni mwazo ni nafasi: chaneli moja ya analojia hula upana wote wa megahezi 8, ilhali upana uo huo kwa dijitali hubeba chaneli kumi au zaidi za ubora wa kawaida. Kwa hiyo tarehe ya kuhama na masharti yake vimo katika tangazo la kampuni yako, na anayekimbilia Kariakoo kununua king'amuzi kabla ya kulisoma tangazo hilo huenda akanunua kisichomfaa.

Ving'amuzi hufanana kwa sura, lakini kazi zake ni tofauti. Cha antena husoma mfumo wa DVB-T2, cha dishi husoma DVB-S2, na mitandao ya kebo hapa kwetu hutumia DVB-C. Ukichomeka waya wa kebo kwenye king'amuzi cha antena, kitatafuta stesheni hadi mwisho kisipate hata moja, nawe utadhani umeuziwa kibovu. Hata king'amuzi cha DVB-C kilichonunuliwa dukani hakitafungua chaneli zilizofungwa, kwa kuwa ruhusa ya kuzifungua hutolewa na kampuni kupitia kadi au namba ya kifaa ilichokisajili.

Baada ya hapo, hesabu televisheni zote za nyumbani, pamoja na ile ya chumba cha bibi ambayo haikumbukwi mpaka ikizima. Wakati wa analojia waya mmoja uligawanywa sebuleni na vyumbani, na kila televisheni ikachagua chaneli yake bila kifaa cha ziada. Katika dijitali kila televisheni huhitaji king'amuzi chake, isipokuwa iwe na uwezo wa kusoma DVB-C ndani yake, na hata hapo itaonyesha chaneli zisizofungwa tu. Usitegemee neno “dijitali” lililoandikwa kwenye boksi, kwani mara nyingi humaanisha DVB-T2 peke yake. Fungua menyu ya kutafuta stesheni uone kama kuna chaguo la kebo kando ya lile la antena. Televisheni ya chogo haina haja ya kutupwa ikiwa ina matundu ya nyaya za AV, yaani ya njano, nyeupe na nyekundu, mradi king'amuzi nacho kiwe na njia hiyo ya kutolea picha, jambo la kuuliza mapema kwa sababu vingine vina HDMI pekee, yaani tundu la waya mmoja la televisheni za kisasa. Televisheni mbili zinaweza kuchangia king'amuzi kimoja, ila zitaonyesha chaneli moja kwa wakati mmoja, na katika nyumba yenye mpira na tamthilia saa ile ile sishauri mtu ajaribu.

Sehemu inayopuuzwa zaidi, nayo ndiyo chanzo cha usumbufu mwingi, ni nyaya. Analojia ilikuwa na uvumilivu: mawimbi yakipungua picha ilipata chenga, lakini mpira ulitazamika. Dijitali hubaki safi kabisa mpaka mawimbi yashuke chini ya kiwango fulani, kisha ghafla picha hukatika vipande vya mraba, huganda, na mwishowe hupotea. Waya ambao umekuhudumia miaka mingi ukiwa na chenga kidogo unaweza kushindwa kabisa siku ya kuhama, wala si king'amuzi kilicho na kosa. Kigawanyio cha njia mbili hupunguza nguvu ya mawimbi kwa takriban desibeli 3.5 (kipimo cha nguvu hiyo) katika kila njia, na cha njia nne takriban 7, hivyo ondoa vigawanyio visivyo na kazi, na njia isiyotumika izibwe kwa kizibo cha omu 75. Maungio yaliyosokotwa kwa mkono na kufungwa selotepu yakatwe, yafungwe kwa viunganishi vya kukaza; karibu na bahari chumvi hula shaba haraka, na masika huingiza maji kwenye kila ungio la nje lililo wazi. Mtake fundi apime nguvu ya mawimbi kwa kipimo katika tundu la kila chumba, asiondoke kwa sababu tu picha imetokea sebuleni. Na zikikatika chaneli fulani tu huku nyingine zikiwa safi, ziandike majina, maana hitilafu ya waya huweza kugusa masafa machache na kuyaacha mengine.

Kabla ya kulipa, uliza kama king'amuzi unauziwa au unaazimwa, kama amana hurudishwa ukihama nyumba, cha pili kinagharimu kiasi gani, na chaneli gani za nyumbani, kama TBC1 na ITV, zitaendelea kuonekana kifurushi kikiisha. Dai risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi. Mpangaji akubaliane na mwenye nyumba juu ya nani analipia nyaya mpya.

Kama kampuni itarusha mifumo yote miwili kwa muda, funga king'amuzi mapema, ungali na pa kurudi. Ukiwasha na kuona chenga tupu, kuna uwezekano televisheni ingali kwenye stesheni za zamani. Tumia rimoti yake kuchagua AV au HDMI, kisha rimoti ya king'amuzi kutafuta chaneli. Watu wakionekana wamevutwa kwa upana au urefu, badilisha mpangilio wa skrini kati ya 4:3 na 16:9.

Tatizo lisipotatuliwa, lalamika kwanza kwa kampuni kwa maandishi na utunze namba ya lalamiko. Wakinyamaza au jibu lisiporidhisha, lipeleke Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, ukiambatanisha risiti, namba ya king'amuzi na tarehe ambazo huduma ilikatika.