Jinsi ya kumsaidia mwanafunzi wa uzamivu bila kumkalia kooni

Nilipostaafu kazi ya kupanga ratiba za treni, jirani yangu aliniomba niingie kwenye kamati ya mfuko mdogo wa hisani unaowafadhili wanafunzi wa sayansi wa uzamili na uzamivu. Nikamwambia sayansi niliagana nayo sekondari, na hakuna aliyelia kati yetu. Akanijibu kwamba wanasayansi wanao, wanachokosa ni mtu wa kukumbuka tarehe. Huu ni mwaka wangu wa 9 na bado sijui protini inakunjwaje. Nimeona kamati nyingine zikiundwa na watu kama mimi, na maswali yao ni yaleyale niliyokuwa nayo, kwa hiyo nayaweka majibu hapa.

Kwanza ujue huyu mwanafunzi anaishi vipi. Usimfikirie kama kijana wa shahada ya kwanza mwenye mihadhara, mitihani na likizo. Huyu ana msimamizi mmoja, maabara moja na swali moja analolala nalo na kuamka nalo kwa miaka 3, 4, wakati mwingine 6 au zaidi. Mara nyingi posho yake imepangwa ikome kabla utafiti haujakoma, na huo mwaka wa mwisho wa kuandika tasnifu ndio unaowaangusha wengi. Kazi yenyewe haina Jumapili, maana seli zinazokuzwa kwenye vyombo vya maabara lazima zibadilishiwe chakula siku yoyote ile. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikizimika usiku, sampuli za miaka miwili huwa maji. Anayechunguza ua linalochanua wiki tatu kwa mwaka, akizikosa wiki hizo amekosa mwaka mzima. Ukiyaelewa haya hutashangaa kwa nini hajajibu barua pepe yako.

Omba kutembelea maabara mara moja. Nenda kwa saa moja, usiguse kitu, na uliza kila chombo kinafanya nini na kikiharibika nani hulipa. Swali hilo la pili litakufundisha zaidi kuliko ripoti yoyote.

Pesa ifike siku iliyoahidiwa

Ukisahau mengine yote, kumbuka hili. Mwaka wangu wa kwanza tulichelewesha malipo kwa wiki 6 kwa sababu watia saini wawili walikuwa safarini kwa wakati mmoja. Kwetu ilikuwa aibu ndogo ya kikao. Kwa mwanafunzi ilikuwa kodi ya nyumba, na alikopa kwa mwenzake wa maabara ambaye naye hakuwa nacho. Pesa ile ilipofika ikaenda yote kwenye deni. Treni inayofika saa tano badala ya saa tatu bado ni treni, lakini abiria aliyekuwa anaunganisha safari ameshaachwa.

Tangu hapo tuna watia saini watatu na wawili wowote wanatosha. Tarehe ya malipo tunaiandika kwenye barua ya kwanza kabisa, na mweka hazina huanza kazi siku 14 kabla. Namba ya akaunti haithibitishwi kwa barua pepe peke yake. Nampigia mwanafunzi simu kwa namba niliyo nayo tangu awali, anisomee mwenyewe, kwa sababu matapeli wanapenda sana barua pepe zinazosema "akaunti yangu imebadilika".

Kabla ya kutuma chochote, iandikie ofisi ya masomo ya uzamili ya chuo na uulize mambo matatu. Je, mwanafunzi akipata pesa zetu, posho yake itapunguzwa? Je, zitakatwa kodi? Je, zikipitia chuoni zitachukua siku ngapi kumfikia? Swali la kwanza nililijua kwa kuungua. Mwaka mmoja tulituma ufadhili kupitia chuo, idara ikapunguza posho ya mwanafunzi kwa kiasi kilekile, yeye akabaki pale pale alipokuwa. Kwa hesabu ya haki, mwaka ule tulimfadhili mkuu wa idara. Siku hizi hatuahidi kitu mpaka tupate jibu la maandishi.

Wala msiahidi pesa ambazo bado ziko mifukoni mwa watu. Ukitaka mfuko ujiendeshe kwa faida ya uwekezaji, na ukawa mwangalifu wa kuchota asilimia 4 tu kwa mwaka, hesabu ni fupi: kila 100 unazotaka kutoa kila mwaka zinahitaji 2,500 zilizowekezwa na zisizoguswa. Kamati nyingi changa zikiiona hesabu hiyo hunyamaza kwanza. Basi changeni kila mwaka, lakini anayeahidiwa miaka mitatu awe na miaka mitatu yake benki kabla hajaitwa. Heri mfadhiliwa mmoja kamili kuliko watatu nusunusu.

Pesa iliyo nyuma ya risiti

Kuna pengo moja ambalo watu wa nje hawalioni. Mwanafunzi anakubaliwa kuwasilisha kazi yake kwenye mkutano wa kisayansi. Chuo kinasema kitagharamia. Ila lazima kwanza alipe yeye kiingilio, viza, nauli na malazi, kisha alete risiti, kisha asubiri wiki au miezi. Mwenye akiba haoni shida yoyote. Asiye nayo haendi, na kwa kuwa anaona haya husema ana kazi nyingi maabarani.

Nilimwuliza mmoja wao kwa nini ameukataa mkutano ambao msimamizi wake alikuwa akiusifia. Akatazama chini, akasema: "Pesa ipo, mzee. Ila imekaa nyuma ya risiti."

Siku ileile niliiomba kamati iunde kisanduku cha kutangulizia, mkopo usio na riba: sisi tunalipa mbele, chuo kikimrudishia naye anaturudishia. Kiasi chenyewe si kikubwa, na pesa zilezile zinazunguka. Nikiulizwa mfuko mdogo sana ufanye nini, huwa nawaambia waanze na hicho kabla ya kufikiria ufadhili kamili. Mwekeni mtu mmoja wa kuidhinisha, naye ajibu ndani ya siku 2.

Masharti yawe mafupi, lakini yaandikwe

Mwaka 1921 wanawake wa Marekani, wakihamasishwa na mwandishi wa habari Marie Meloney, walichanga dola 100,000 wakamnunulia mwanasayansi Marie Curie gramu moja ya radiamu, metali adimu yenye mionzi. Yeye aliyeigundua hakuwa na uwezo wa kuinunua. Rais Harding ndiye aliyemkabidhi, Washington, mwezi Mei. Sehemu ninayoipenda ni ya usiku wa kuamkia sherehe. Curie aliisoma hati ya zawadi akakataa ilivyoandikwa: ingemfanya yeye binafsi awe mwenye mali, na akifa ingekuwa urithi wa watoto wake. Alitaka iwe mali ya maabara. Ikabidi mwanasheria atafutwe usiku huohuo. Kwa hiyo ukiona kamati yako inasema "tutaandika baadaye, tunaaminiana", wasimulie habari hiyo.

Hati yetu ni ukurasa mmoja. Inasema kiasi, tarehe, na kwamba mwanafunzi atatuandikia mara mbili kwa mwaka. Matumizi tumemwachia mwenyewe. Hili tuligombana vikao vitatu, maana baadhi yetu walitaka risiti za vitabu. Kisha mwanafunzi mmoja akatuambia, bila kuulizwa, kwamba pesa ya kwanza alinunua miwani. Miaka miwili alikuwa akichungulia kwenye hadubini kwa lenzi za zamani na kuumwa kichwa kila jioni. Hakuna fomu ya bajeti ambayo ingekuwa na mstari wa miwani. Wengine wamelipia malezi ya mtoto wakati wa kuandika, na mmoja alinunua kiti. Mwacheni mtu mzima apange.

Usidai shukrani pia. Curie huyohuyo, akiwa mwanafunzi Paris mwaka 1893, alipata ufadhili wa rubli 600, na alipoanza kupata kipato alizirudisha bila kudaiwa ili mwingine azipate. Aliamua mwenyewe.

Kuchagua

Hapa sisemi mengi. Kila mjumbe asome na kutoa alama akiwa peke yake, azitume kwa katibu, ndipo mkutane. Mkianza kwa mazungumzo, mwenye sauti kubwa ndiye atakayechagua. Mwenye undugu au ukaribu na mwombaji atoke chumbani kabisa, asibaki "kusikiliza tu". Tafuteni mtu mmoja wa fani husika awasomee mpango wa utafiti, na msihesabu machapisho kama anayehesabu magunia. Tangu Azimio la San Francisco la mwaka 2012, wanasayansi wenyewe wamekuwa wakionyana wasimpime mtu kwa umaarufu wa jarida alilochapisha. Sisi tusiojua tusiwe wa mwisho kusikia.

Waliokosa wajibiwe siku ileile ya waliopata. Kimya ni ukatili wa bure.

Kumtambulisha kwa wachangiaji

Wachangiaji wanataka kumwona mtu wanayemsaidia, na ni haki yao. Mwaka 1958, baada ya Wasovieti kurusha Sputnik, setilaiti ya kwanza duniani, Oktoba 1957, kundi la wanawake wa Los Angeles lilianzisha ARCS Foundation kuwasaidia wanafunzi wa sayansi, na leo ina matawi katika miji mbalimbali ya Marekani. Watu wa kawaida wanaweza kuibeba sayansi miongo mingi, ila lazima waelewe wanabeba nini.

Hafla yetu ya kwanza mwanafunzi alizungumza dakika 40 kwa slaidi 52. Mjumbe mmoja alikoroma. Kosa lilikuwa letu, hatukumwambia muda. Sasa tunaiga shindano lililoanzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008: dakika 3, slaidi moja isiyo na mambo ya kuruka wala kumetameta. Nafanya naye mazoezi kabla, nikiwa msikilizaji mjinga, kazi ninayoiweza vizuri. Akitumia neno nisilolijua nainua kidole. Mwanzoni kidole hakishuki. Mara ya nne hivi nakiinua mara mbili tu, na yeye mwenyewe anasema sasa anajua sura ya kwanza ya tasnifu aianzeje.

Jihadhari na jarida la mfuko. Niliwahi kuandika kwa furaha kwamba mwanafunzi wetu amepata njia mpya ya kusafisha maji, nikaeleza na jinsi inavyofanya kazi. Msimamizi wake akanipigia kabla sijaanza kusambaza nakala. Matokeo hayakuwa yamechapishwa, na chuo kilikuwa kinafikiria kuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi. Katika nchi za Ulaya uvumbuzi ukishawekwa hadharani kabla ya maombi, hataza inaweza kukosekana kabisa. Marekani mvumbuzi ana miezi 12 ya kujinusuru. Nilichana nakala zote kwa mkono, jioni nzima. Tangu siku hiyo hakuna sentensi, picha wala jina linalotoka bila mwanafunzi kulisoma na kulikubali kwa maandishi.

Swali lisiloulizwa

"Utamaliza lini?" Usiulize. Ameulizwa na mama yake, shangazi yake na kioo chake. Tarehe unayoihitaji kwa hesabu za mfuko iulize mara moja kwa mwaka, kwa maandishi, kwenye fomu. Ana kwa ana mimi huuliza, "Wiki hii kimekwama nini?" Kuna kitu kimekwama daima, na mara moja moja ni kitu ambacho mtu wa kawaida anaweza kukikwamua: fundi wa kompyuta, mtu wa kuhakiki lugha, usafiri wa kufika kituo cha utafiti kabla ya mvua.

Akikueleza ugomvi na msimamizi wake, sikiliza, na usipige simu chuoni kwa hasira zake. Msimamizi ndiye atakayemwandikia barua za mapendekezo miaka mingi ijayo, wakati wewe ulishapoa. Uwe na majina ya ofisi ya uzamili na ya mshauri nasaha, mpe, na umwachie aamue. Akisema hali chakula wala halali, hapo usimwachie karatasi tu. Nenda naye mpaka mlangoni.

Na akiacha masomo? Wawili wetu wameacha. Mmoja aliondoka na shahada ya uzamili, leo anapima ubora wa dawa kiwandani. Hatukudai pesa, na hati inasema hivyo tangu mwanzo, ili asije akabaki maabarani mwaka mzima kwa kuogopa deni letu.

Mimi ninalo daftari. Kila mwanafunzi ana ukurasa, na juu yake naandika tarehe zake: posho inakoma lini, msimu wa utafiti nje unaanza lini, tasnifu inakabidhiwa lini. Nalisoma kila Jumatatu asubuhi kama nilivyokuwa nikisoma ratiba, nikitafuta mahali ambapo safari mbili zitagongana. Ukurasa wa yule mwenye miwani umebaki na tarehe moja, keshokutwa saa nne asubuhi, anatetea tasnifu. Sehemu ya kwanza iko wazi kwa umma. Nitakaa nyuma, na sitainua kidole.